Jiko letu likilala vakansi

Katika namba zilizopita za karatasi hii tumesoma juu ya mpira, juu ya kwaya, juu ya adabu katika dortwari, kisha tena juu ya mpira. Leo sisi wa darasa la sita tunaomba nafasi kidogo tuseme juu ya jiko. Wengine watacheka. Wacheke tu, lakini hakuna mtoto wa internati ambaye hajauliza hata siku moja, saa kumi na mbili ya jioni: chakula kimeiva?

Jiko lenyewe mnalijua. Ni matofali pembeni, bamba la chuma juu lenye matundu mawili ya kutia sufuria kubwa, mlango wa chuma mbele, na chini ya mlango vitundu sita vya hewa, kila kimoja chaweza kuingia kidole gumba. Nyuma kuna tiyo ya moshi. Inapanda, inapinda kiwiko kimoja, inatoboa mabati ya nyumba na kutokea juu, na huko juu imevaa kofia ya bati. Lilijengwa mbele sisi hatujafika hapa, ili kuni zipungue na moshi utoke nje. Kwa mafiga matatu ya zamani upepo ulikuwa unaingia kila upande na joto lilikuwa linaenda bure. Kwa jiko hili moto umefungwa: unavuta hewa chini na kusukuma moshi juu. Ni akili nzuri. Lakini kitu kinachopumua kwa vitundu sita na tiyo moja, ukiziba pua yake kinakufa. Mafiga hayana pua ya kuziba.

Tumeona ya kuwa jiko hili haliharibiki sana wakati wa kazi. Linaharibika wakati linapopumzika, yaani wakati sisi tuko kwetu kwa wazazi na hakuna mtu anayelifikiri.

Mnakumbuka juma la kwanza la mwezi wa tisa. Miezi miwili mizima jikoni hamkuwa moto. Mama wetu wa jikoni aliwasha mapema, saa tisa ya mchana, juu alijua maharagi hayana haraka. Moshi ulikataa kupanda. Ulitoka mlangoni, ukatoka katika matundu ya sufuria, ukajaza nyumba yote, hata wapishi wakatoka nje wakishika macho. Wakaingia tena, wakapuliza, wakatoka tena. Saa mbili ya usiku maharagi yalikuwa bado yanalia katika sahani kama changarawe. Watoto wa mwaka wa kwanza, ambao ilikuwa siku yao ya kwanza kulala mbali na mama zao, walikula ndizi mbivu na kwenda kulala wakilia. Siku ya pili ilikuwa vilevile. Siku ya tatu Bwana Ekonomi alitupa ruhusa na ngazi, tukapanda watatu, tukalegeza tiyo kwenye kiwiko.

Kilichotoka mle kilijaza ndoo. Kofia ya bati ilikuwa imelala upande mmoja kwa upepo, na ninyi mnajua upepo wa mwezi wa nane. Mvua za kwanza zilipokuja mwisho wa mwezi zikaingia moja kwa moja. Zikaosha masizi ya mwaka mzima, zikayapeleka mpaka kwenye kiwiko, pamoja na majani makavu na majivu ambayo upepo ulikuwa umeyainua. Yote yakakutana pale yakakauka kidogo, yakawa kama tofali jeusi. Chini ya ile kofia tulikuta nyumba ya manyigu, ile ya aina ya karatasi, wenyewe wakiwa ndani. Mmoja wetu alirudi chini kwa haraka kuliko alivyopanda, jina lake hatuliandiki.

Lakini zaidi ya hayo, vitundu sita vya hewa, vinne vilikuwa vimezibwa na udongo. Siyo udongo ulioanguka. Udongo uliojengwa, laini, umepangwa kama mtu aliyekanda kwa vidole. Hapa tunataka kukaa kidogo, kwa sababu mwalimu wa biolojia alitusaidia kufungua ile kazi na kisu, na tuliona mambo ambayo hatukuyajua.

Kuna nyigu mwembamba, kiuno chake kama uzi, anayeruka peke yake. Hakai na wenzake kama wale wa karatasi, hana mfalme wala kundi. Mke huenda kwenye tope karibu na bomba la maji au mtoni, anafinyanga kidonge, anakibeba, anakipaka. Anarudi mara nyingi sana kwa chumba kimoja. Chumba kikiisha anawinda buibui. Anamchoma mwiba, na buibui hafi, ila hawezi tena kutembea. Ndiyo namna yake ya kuweka nyama bila kuoza! Anajaza chumba buibui hao, anataga yai moja, anaziba mlango kwa tope, anaanza chumba kingine. Mtoto wake akitoka katika yai, kama funza mweupe, anakuta meza imeandaliwa. Katika vile vitundu vinne tulihesabu vyumba saba, na katika kimoja bado kulikuwa na buibui kumi na mmoja wamepangwa kama samaki katika boksi. Mdudu huyu si mkali. Halindi nyumba yake, na si rahisi amchome mtu asipomshika. Anatafuta tu pahali pakavu, penye kivuli, pasipo kelele, na kitundu cha kiasi chake. Jiko lililolala ni hivyo vyote. Kwa hiyo tusimwite adui. Sisi ndio tulimwachia nyumba wazi.

Wenye kusema kwamba kidonge cha tope ni kitu kidogo wasikie habari hii. Tarehe 6 ya mwezi wa pili mwaka 1996, ndege aina ya Boeing 757 iliruka kutoka Puerto Plata, katika Jamhuri ya Dominika, ikaanguka baharini baada ya dakika chache. Watu wote 189 walikufa. Ndege ile ilikuwa imekaa chini siku karibu ishirini bila kuruka, na vile vijitiyo vya nje vinavyopima mwendo wake havikufunikwa. Wachunguzi walifikiri kwamba kimoja kilikuwa kimezibwa, na yaelekea ni kwa nyumba ya nyigu wa namna hii hii, ambaye katika nchi ile anajulikana sana kwa kujenga katika tiyo. Marubani waliona mwendo wa uongo kwenye saa yao, wakachanganyikiwa. Makosa mengine yaliongezeka, ndiyo. Lakini lilianzia kwa kijitiyo kilichoachwa wazi wakati wa kupumzika. Jiko letu haliruki, Mungu asifiwe.

Basi hiyo ni vakansi kubwa, vakansi ya wadudu. Vakansi ya Pasaka ni nyingine: ni ya maji. Kwetu huku mvua inaanza mwezi wa tisa na inaendelea mpaka wa tano, na mwezi wa nne haina huruma. Ziwa Kivu lenyewe liko mita karibu 1 460 juu ya bahari, na sisi tuko juu yake zaidi, pahali ukungu unaingia hata katika blanketi. Chuma kikilala baridi usiku, asubuhi kinatoka jasho. Kama jiko lina majivu ndani, inakuwa mbaya zaidi. Mama zetu wanaotengeneza chumvi ya majivu wanajua tangu zamani: majivu yana chumvi yake, na chumvi hiyo inavuta maji ya hewa. Ukiacha majivu juu ya bamba la chuma juma mbili za mvua, ni kama umelifunika kwa kitambaa chenye maji. Masizi yakilowa nayo yana ukali wake. Tulirudi kutoka Pasaka tukakuta mlango wa jiko umeshikana na fremu yake kwa kutu, na chini ya majivu bamba limekuwa jekundu na linatoka maganda. Mwalimu wa kemia alifurahi sana, alipata somo la bure juu ya kutu: chuma, maji na oksijeni. Mama wa jikoni hakufurahi.

Sasa tunafika kwa jambo lililotufanya tuandike.

Katika mwezi wa kumi kuni zilifika, mikaratusi, steri nyingi, zimekatwa juma lile lile. Zilimwagwa nyuma ya jikoni, chini kwenye udongo, bila paa. Ilisemwa kwamba zitafika mpaka mwisho wa trimestri. Mwisho wa mwezi wa kumi na moja zilikuwa zimekwisha. Ndipo maneno yakaanza. Hatutasema yalitoka kwa nani, na hatutaki mtu atafute. Ilisemwa tu, kwanza kwa sauti ya chini na kisha kwa sauti ya kawaida, kwamba kuni zinatembea jioni, na kwamba kuna mtu anayepika kwake kwa kuni za shule. Na kila mtu alijua mtu huyo ni nani, kwa sababu mwenye ufunguo wa jikoni ni mmoja. Ilifika hata kusemwa kwamba mwezi wa kwanza atatafutwa mpishi mwingine.

Mama huyu amepika hapa tangu wakubwa zetu walipokuwa wanafunzi. Ana watoto, na wawili wanasoma hapa hapa katika madarasa ya chini. Sisi wa komite ya internati tulimwendea, siyo kumhukumu, bali kumwuliza. Tulimsalimu, tukakaa. Tulisema:

– Mama, samahani. Kuni zimeenda wapi?

Hakukasirika. Alichukua kipande kimoja, akakitia motoni upande mmoja, akatuonyesha upande wa pili. Mle mlikuwa mnatoka povu na maji yenye kuchemka, yanapiga kelele kama nyoka.

– Batoto bangu, muone beye benyewe. Hii si kuni, ni maji. Mimi napika maji kwa maji.

Tulienda kwa mwalimu wa fizikia na neno hilo. Alitupa mizani ya kupimia mihogo. Tulichukua vipande vya katikati ya lundo, vya mwisho vilivyobaki, tukapima: kilo 9. Tukavipanga juu ya ubao ulio karibu na tiyo, pahali pa joto, tukaviacha juma tatu. Tulipopima tena vilikuwa kilo 6. Hakuna mtu aliyeiba zile kilo tatu. Zilipanda mbinguni.

Mwalimu alituandikia hesabu ubaoni, na tunaiweka hapa kwa faida ya wale wa darasa la nne. Kilo 1 ya maji, hata ikiisha kufika digri 100, inataka tena kilojuli karibu 2 260 ili igeuke mvuke. Kuni zilizokauka vizuri kwa hewa, ambazo maji yake ni sehemu 15 au 20 kwa mia ya uzito, zinatoa kilojuli karibu 15 000 kwa kilo. Kuni mbichi, ambazo nusu ya uzito ni maji, zinatoa karibu nusu yake tu. Yaani ukipika kwa kuni mbichi, unachoma mara mbili kwa sahani ileile ya bugali. Na ule mvuke ukipanda katika tiyo baridi unageuka maji tena, unashikana na moshi, unapaka ndani kitu cheusi chenye kunata kama gudroni. (Gudroni ile tunayoingoja barabarani haijafika, lakini ya jikoni iko ya kutosha.) Ikizidi inaziba njia, tena siku moja yaweza kushika moto yenyewe ndani ya tiyo, chini ya paa.

Halafu tuongeze mchwa. Mstari wa chini wa lundo, ule uliolala udongoni, ulikuwa umeliwa. Ukiinua kipande unaona ganda zuri, ukilibonyeza linavunjika, ndani ni udongo mtupu. Hizo nazo zilihesabiwa katika zile steri zilizoibwa.

Tuliandika hayo yote kwenye karatasi moja, pamoja na mizani, pamoja na kilo 9 na kilo 6, tukampelekea Bwana Prefe mbele ya Noeli. Aliisoma mbele yetu, akauliza maswali mawili, kisha akatembea mwenyewe mpaka nyuma ya jikoni, akabonyeza ganda la mchwa kwa kidole. Neno la kutafuta mpishi mwingine halikusikika tena. Tunamshukuru. Lakini mpaka leo, wakati Mama anapita kiwanjani na kikapu chake jioni, kuna wanaokohoa na kusema «kuni», halafu wanacheka. Wengine ni wakubwa wenye kujua ile hesabu vizuri. Na wale waliosema maneno ya kwanza, hakuna aliyemwendea kumwambia hata neno moja. Yeye hakuomba. Anaendelea kuamka saa kumi ya usiku.

Tena kuna moshi wenyewe. Shirika la Afya la Ulimwengu, OMS, linahesabu kwamba katika mwaka 2020 watu karibu milioni 3,2 walikufa kwa sababu ya hewa chafu ya ndani ya nyumba, inayotoka katika moto wa kuni, makala na vitu vya namna hiyo. Wengi ni mama na watoto wadogo wanaokaa karibu na moto. Na katika moto usiopata hewa kuna gazi isiyo na rangi wala harufu, monoksidi ya kaboni, ambayo inashika damu kwa nguvu mara zaidi ya 200 kuliko oksijeni. Kichwa kinauma, miguu inalegea. Zile siku mbili za mwezi wa tisa, msaidizi mmoja wa jikoni alikaa chini nje na kutapika, na watu wakasema ni malaria. Sisi si waganga. Tunasema tu kwamba alipokaa siku moja mbali na jiko alikuwa mzima.

Sasa tuko mbele ya vakansi kubwa nyingine. Sisi wa sita tutafanya egzamee ya Serikali na kuondoka, na wengi wetu hatutaona jiko hili tena. Kwa hiyo tumepatana na wale wa darasa la tano, Bwana Ekonomi akiwa shahidi, na tunaandika hapa ili pasiwe na wa kusema hakuambiwa.

Baada ya chakula cha mwisho jiko liachwe siku mbili nzima lipoe, kwa sababu makaa yanajificha ndani ya majivu na bustani ya kabichi tunayoipelekea imezungukwa na nyasi kavu. Kisha majivu yote yatolewe, yote kabisa, hata ya pembeni. Tiyo ilegezwe kwenye kiwiko, ipigwe brosi, kofia inyoshwe na kufungwa kwa waya. Bamba na mlango vipanguswe kwa kitambaa chenye mawese kidogo sana, kisha kitambaa kikavu, maana mawese mengi yataita mende na sisafu wa kijiji chote. Kwenye vitundu vya hewa tutafunga vipande vya mustikeri iliyochakaa. Hewa itapita, nyigu hatapita. Tumejaribu siku za Pasaka kwenye vitundu viwili, na hakuna udongo ulioonekana humo. Juu, chini ya kofia, tutaweka wavu wa waya.

Wavu huu wa juu ndio unaotutia wasiwasi. Ukisahauliwa pale siku ya kuwasha, masizi yatauziba kwa muda mfupi, na moshi utarudi chini kama mwezi wa tisa, pamoja na ile gazi. Kwa hiyo kibao kitatundikwa kwenye mlango wa jiko, kwa herufi kubwa: ONDOA WAVU JUU MBELE YA KUWASHA. Na kwa ajili ya wale wapishi wasaidizi wasiosoma, waya uleule utafungwa pamoja na kiberiti. Mwenye kutaka kiberiti atakutana na waya.

Kuni za mwaka ujao zimeombwa ziletwe mwezi wa sita huu huu, siyo wa kumi, zipasuliwe mapema. Mikaratusi ikiwa mbichi inapasuka vizuri, ikikauka inavunja shoka. Darasa la tatu na la nne watatandika mawe na miti ya chini, urefu wa mkono kutoka udongoni, ili mchwa waonekane wakipanda. Mabati ya zamani ya dortwari ya wasichana yatakuwa paa. Pembeni paachwe wazi upepo upite. Miezi miwili ya jua haitoshi kukausha kabisa magogo manene, kwa hiyo yapasuliwe membamba, na yale manene yawekwe nyuma kwa trimestri ya pili. Wenye kupanga waangalie nge.

Kazi itafanyika Jumamosi baada ya mitihani, saa mbili ya asubuhi. Kila mmoja aje na nguo ya kazi. Ngazi iko kwa Bwana Ekonomi, mizani kwa mwalimu wa fizikia. Ufunguo wa jikoni uko kwa Mama, na utabaki kwake.

Kapita wa Internati, darasa la 6, kwa jina la wenzake